Kidau cha Fedha cha Plateau

Msomaji, sisi tuliotiwa chuoni tungali wadogo twakijua kidau: kichupa cha wino wa masizi, na kando yake kalamu ya mwanzi. Basi huko Plateau, karibu na Eldoret, nimeonyeshwa kidau cha ukoo mwingine. Ni sinia ndogo ya fedha yenye miguu minne, na juu yake vichupa viwili vya kioo (wino huila fedha) na kinara cha mshumaa wa kuyeyushia lakiri.

Mwenyewe ni mzee aliyepita miaka themanini. Alikinunua kijana, miaka ya 1960, walowezi walipokuwa wakinadi vyombo vyao wapate kwenda zao. Tangu hapo akashikwa na uraibu. Ana visu vya kufungulia barua, mihuri, hata kalamu ya risasi ya Sampson Mordan, fundi wa London aliyeipatia hataza mwaka 1822 pamoja na John Isaac Hawkins.

Sasa wanawe wataka vyote viende kwa sonara, viuzwe kwa mizani.

Nikakigeuza kidau nitazame alama, maana fedha ya Kiingereza husomwa kama barua. Simba atembeaye, mguu wa mbele juu, ni fedha halali: sehemu 925 katika 1000. Uso wa chui ni London. Nanga ni Birmingham. Taji ni Sheffield, hadi 1974, kisha likaja waridi. Herufi moja hutaja mwaka. Kichwa cha mfalme au malkia ni dalili ya kodi iliyolipwa, kati ya 1784 na 1890. Ukikuta EPNS, hiyo ni fedha ya ngozi tu. Cha mzee kina simba, nanga na kichwa cha Malkia Victoria. Nikapumulia ubavu wake, na katika mvuke zikatokea herufi za jina lililokwanguliwa.

Uwanda huu wa Uasin Gishu, wenye jina la Wamaasai wake, waliokuja kurithiwa na Wanandi, ulitolewa kwa wino. Mwaka 1903 Waingereza waliwaahidi Wazayuni, nao wakakataa mwaka 1905. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari ya ng'ombe. Mashamba yakatiwa nambari. Eldoret yenyewe ikaitwa Sisibo, kwa shamba nambari 64. Hati huandikwa mezani, na mezani ndipo kidau kikaapo.

"Mzee wangu," nikamwambia, "sonara atalipa uzito. Kazi ya mkono haimo mizanini mwake."

Akanyamaza kitambo. "Baba yangu alikuwa kibarua," akasema. "Wino wao aliujua kwa kidole tu, walipomwandikia kipande. Hiki kitakaa hapa, wajukuu wakichezee."

Nami nimemsihi jambo moja: jikoni wasikisugue tena kwa majivu. Simba ameanza kufutika miguu.