Mbwa wa Likizo: Hesabu Huanza Agosti

Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kwenda na mbwa wake Uingereza kwa likizo ya Desemba, kwa kawaida huanza kwa kuulizia nauli. Hapo ndipo anapokosea. Nauli hupatikana hata wiki ya mwisho, siku hazinunuliki.

Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambazo wanyama wao huingia Uingereza kwa masharti mepesi. Kwa hiyo mbwa au paka huwekwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa ametimiza angalau wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Zikipita siku 30, daktari wa mifugo huchukua damu na kuipeleka katika maabara iliyoidhinishwa, na kipimo kisipofikia 0.5 kazi huanza upya. Kikifikia, mnyama hungoja miezi 3 kamili tangu siku damu ilipochukuliwa. Sababu ya kungoja ni kwamba mnyama aliyekwisha kuambukizwa kabla ya chanjo huenda akaonekana mzima kwa wiki nyingi.

Kwa safari ya Desemba 15, basi, damu iwe imechukuliwa si baada ya Septemba 15, na chanjo si baada ya Agosti 16. Hapo hakuna nafasi hata ya kosa moja. Mwenye busara huanza Juni.

Siku za mwisho nazo zina masharti yake. Hati ya afya hutolewa na daktari aliyeidhinishwa, na mnyama aingie ndani ya siku 10 tangu itolewe. Mbwa hupewa dawa ya minyoo ya tegu si chini ya saa 24 wala zaidi ya saa 120 kabla ya kufika. Mwenyewe asipishane naye kwa zaidi ya siku 5, la sivyo mnyama huhesabiwa kuwa bidhaa ya biashara.

Mbwa wa kawaida huingia Uingereza kwa ndege kama shehena, si kama mzigo wa abiria. Shehena, kama wafanyabiashara wanavyojua, hulipiwa uzito au nafasi, kipi kilicho kikubwa. Tundu nalo halipunguzwi ili kuokoa fedha: mnyama lazima aweze kusimama, kulala na kujigeuza ndani yake. Mashirika mengi ya ndege hukataa mbwa wa pua fupi kwa kuwa hupumua kwa shida. Dawa ya usingizi, ambayo wengi huidhania kuwa huruma, ni hatari angani.

Anayefika na karatasi pungufu hukuta mbwa wake akirudishwa au akiwekwa karantini hadi miezi 4, gharama zote zikiwa za mwenye mbwa. Na hiyo ni nafuu. Kabla ya mpango mpya ulioanza Februari 2000 kwa baadhi ya nchi, karantini ya miezi 6 ilikuwa ndiyo njia ya kawaida. Wanyama wa nchi kama zetu waliruhusiwa kuikwepa kwa kipimo cha damu kuanzia Januari 2012.

Kwa anayehama, gharama hizo zina maana. Kwa likizo ya wiki mbili hazilipi, wala mbwa mwenyewe hafaidiki na saa nyingi za giza chini ya ndege, kwenda na kurudi. Tena kurudi nyumbani nako kunahitaji kibali cha kuingiza mnyama, ambacho huombwa mapema kwa mamlaka ya mifugo. Fedha hizo zingemlipa mwangalizi wa kuaminika na chakula, na zikabaki.

Anayekwenda likizo ndani ya nchi ana hesabu fupi zaidi: kadi ya chanjo, maji njiani, na kuuliza nyumba ya wageni kabla ya kuondoka. Hifadhi za taifa asizitie katika ratiba, kwani mbwa wa nyumbani haruhusiwi humo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijiji jirani, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, ambao ndio watalii huja kuwatazama.