Muhimbili au Bugando? Piga hesabu kabla ya kuthibitisha

Mwombaji aliyefaulu vizuri PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaweza kujikuta na neema inayokosesha usingizi: amechaguliwa kusomea Shahada ya Udaktari wa Tiba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam, na papo hapo amechaguliwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya, CUHAS, pale kilimani Bugando, Mwanza. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inamtaka athibitishe chuo kimoja tu kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu au barua pepe, tena ndani ya siku chache. Nyumbani watu hushangilia, kisha huanza kuulizana kipi kina jina kubwa zaidi.

Hilo la jina tulimalize mapema. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari mwaka 1963. Bugando ilianza mwaka 2003. Pengo ni miaka 40. Lakini shahada zote mbili ni za miaka mitano, na baada yake mhitimu wa huku na wa kule hupangiwa hospitali ya kufanya utarajali wa mwaka mmoja na husajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari Tanganyika. Mgonjwa wa Namtumbo hatauliza daktari wake alisoma wapi. Kwa hiyo jina halipaswi kugharimu familia shamba lake.

Kinachogharimu ni mambo mengine. Tumchukulie binti wa Sengerema ambaye mama yake anauza dagaa na baba yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Muhimbili ni chuo cha umma, na ada yake ya udaktari kwa Mtanzania ni ya chini. CUHAS ni cha Baraza la Maaskofu Katoliki, kinapokea vijana wa dini zote, na ada yake ni ya chuo binafsi. Viwango hubadilika, hivyo kinachoaminika ni karatasi ya ada ya mwaka husika. Kwa mfano wetu tuchukue milioni 1.8 kwa mwaka upande wa umma na milioni 5.4 upande wa binafsi. Tofauti ni milioni 3.6 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni milioni 18.

“Si kuna mkopo?” Ndiyo, na hapa ndipo familia nyingi huteleza. Majibu ya Bodi ya Mikopo, HESLB, hutoka kwa awamu, na kwa kawaida hutoka baada ya dirisha la kuthibitisha chuo kufungwa. Maana yake unachagua chuo kabla hujajua utapewa nini. Tena Bodi ina kikomo cha ada inayokopesha kwa kila fani. Chuo kikitoza zaidi, kinachozidi ni cha mzazi. Binti anaweza kupangiwa mkopo mzuri kabisa na bado mama akadaiwa fedha kila muhula.

Na mkopo hulipwa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Daktari anayelipwa milioni 1.5 atakatwa 225,000 kila mwezi. Hata kama ile tofauti ya milioni 18 yote ingekopeshwa, kuirudisha peke yake kungemchukua miezi 80, yaani zaidi ya miaka sita na nusu ya kazi. Nafuu ipo: mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiumiza wadaiwa vibaya sana.

Mpaka hapa Muhimbili imeshinda, na wengi wangefunga daftari. Wasifunge. Ada hulipwa kwa muhula, lakini tumbo hulipwa kila siku, na Dar es Salaam hula sana. Vitanda vya hosteli havitoshi wanafunzi wote miaka yote mitano. Chumba cha karibu na Upanga, kilipo chuo, ni ghali, kwa hiyo kijana huishia Magomeni, Kigogo au mbali zaidi, na mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Chumba cha 120,000 kwa mwezi hula 4,000 kila siku. Inabaki 6,000 ya kula na kusafiri, na bumu lenyewe huweza kuchelewa.

Miaka miwili ya mwanzo, ya anatomia na fiziolojia, hilo huvumilika. Kuanzia mwaka wa tatu mambo hugeuka, kwa sababu mwanafunzi sasa ni wa wodini. Kuna raundi za asubuhi na mapema, na kuna zamu za usiku. Anayeishi mbali hupanda bodaboda saa sita za usiku au hulala kwenye kiti. Baadhi ya mafunzo ya Muhimbili hufanyika pia Mloganzila, pembezoni mwa jiji kwa barabara ya Morogoro, na nauli hiyo haimo kwenye karatasi ya ada. Bugando hospitali na chuo viko kilima kimoja, na kutoka vyumba vya chini ya kilima mtu hutembea kwa miguu.

Binti wetu ana jambo jingine. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, Sengerema na Mwanza hazitenganishwi tena na foleni ya kivuko. Akiwa na shangazi Mwanza mjini mwenye chumba cha ziada, gharama ya malazi na sehemu kubwa ya chakula inaondoka. Lakini hesabu kwa uaminifu: chumba cha bure kinaokoa kama milioni moja na kitu kwa mwaka. Hata ukiongeza hicho chakula, haifikii ile milioni 3.6.

Kuhusu elimu yenyewe, sioni sababu ya kuidharau Bugando. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Wagonjwa huja kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga, na kijana ataona kichocho, selimundu na malaria kali mpaka azizoee. Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa, MOI, ndani ya eneo moja. Anayeota ubingwa ataonja mapema. Kwa daktari wa ngazi ya kwanza, naamini yale ya Bugando yanatosha kabisa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo, si wa mwaka wa kwanza, ni wangapi husimama kwenye kitanda kimoja wakati wa raundi.

Gharama ndogo hazitofautiani sana: bima ya NHIF ya 50,400, ada ya 20,000 ya TCU, koti jeupe, kipimo cha presha. Kubwa zaidi ni mwaka wa kurudia. Udaktari una sapu (mitihani ya marudio) nyingi, na akirudia mwaka, familia isipange kwa kutegemea mkopo. Kurudia mwaka chuo binafsi ni milioni 5.4 nyingine pamoja na kula na kulala.

Uamuzi wangu kwa binti huyu ni Muhimbili. Bugando ningemshauri tu ikiwa pengo la ada lina mtu wa kulibeba hadi mwaka wa tano: mfadhili aliyeandika barua, au mzazi mwenye kipato kisichotegemea msimu. Ahadi ya mjomba harusini haihesabiwi. Mzazi, kabla mwanao hajaingiza ile namba ya siri, kaeni mezani na kalamu, andikeni mkopo kuwa sifuri, kisha muone ni chuo kipi mnachoweza kukilipia mwaka wa kwanza mzima. Mkopo ukija, utakuwa wa kuwapumzisha.