Hatari, Tishio na Ufa: Msamiati wa Kulinganisha Usalama wa Mtandao katika Matbaa za Bukoba na Muleba

Kazi ya kupiga chapa si ngeni katika nchi ya Wahaya. Katika mwaka wa 1949 matbaa ya Rumuli, kule Kashozi, ilitoa kitabu cha F. X. Lwamgira kiitwacho Amakuru ga Kiziba, nacho hata leo kingali kikitajwa na watafutao habari za kale za nchi hiyo. Siku zile usalama wa matbaa ulikuwa katika kufuli la mlango. Aliyetaka kuiba maandishi ya mteja kabla hayajatoka, au kuyaharibu, ilimpasa aingie chumbani kwa miguu yake na kuyashika kwa mikono yake. Leo maandishi hayo yamo katika kompyuta, na mwizi aweza kuyachukua pasipo kufika Bukoba wala kujua Bukoba iko wapi.

Mambo yapitayo katika matbaa ni mengi kuliko yadhaniwavyo. Shule huleta mitihani yake ya ndani. Vyama vya kuweka na kukopa huleta orodha za wanachama pamoja na fedha zao. Vyama vya ushirika huleta vitabu vya stakabadhi. Watu binafsi huleta vyeti, vitambulisho na hati za mashamba ili vitolewe nakala. Kwa hiyo mwenye matbaa, hata akiwa na chumba kimoja tu kando ya barabara, ni mwekaji wa siri za watu wengi. Sheria nayo yamtambua hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawagusa wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Na apigaye chapa orodha ya majina aliyoletewa na mwingine anaingia katika kundi la wachakataji.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwa sura ni la mafundi wa kompyuta, lakini kwa kiini chake ni la lugha. Zikiwekwa matbaa mbili mbele ya mtu, moja ya Bukoba mjini na nyingine ya Muleba, akaulizwa, "Ipi iliyo katika hatari zaidi?", atajibu nini? Aghalabu atajibu upesi kwamba ni ile ya Bukoba, kwa kuwa ndiyo kubwa, ina kompyuta nyingi, na mtandao haukatiki humo tangu asubuhi hadi jioni. Jibu hilo huenda likawa kweli na huenda lisiwe. Wala haliwezi kupimwa, kwa sababu neno hatari lenyewe limebeba mambo zaidi ya moja.

Neno hatari, lililotoka katika Kiarabu, lina matumizi matatu yaliyo dhahiri katika Kiswahili cha kila siku. Kwanza, lataja kitu kinachodhuru, kama katika kusema, "Simba ni hatari." Pili, lataja hali au mahali alipo mtu anayeweza kudhurika, na hapo hupokea kiambishi cha mahali: "Watoto wako hatarini." Tatu, lataja kipimo: "Hatari ya kuvuka ziwa usiku ni kubwa kuliko ya kuvuka mchana." Katika mazungumzo ya barazani utatu huu haumsumbui mtu, kwani muktadha humfasiria. Lakini kipimo hakiwezi kulinganishwa na kitu, wala kitu na hali. Anayesema kwamba mtandao ni hatari ametaja kitu; anayeuliza hatari ya Muleba ni kiasi gani anataka kipimo. Wawili hao waweza kubishana kutwa nzima pasipo kugundua kwamba hawazungumzi jambo moja.

Maofisi ya Tanzania yameliona tatizo hili, na katika miaka ya karibuni neno kihatarishi limeenea katika taarifa za serikali na mashirika, hata kukawa na vitengo vya usimamizi wa vihatarishi. Neno hili limeundwa kwa kufuata kanuni. Kutoka hatari hupatikana kitenzi hatarisha, na kutoka hatarisha hupatikana kihatarishi, kama vile unganisha ilivyozaa kiunganishi, na eleza ikazaa kielezi. Ila mfano huo huo ndio unaoonyesha mpaka wa neno lenyewe. Kiunganishi ni kile kiunganishacho. Si tendo la kuunganisha, wala si kiasi cha muungano. Vivyo hivyo kihatarishi ni kile kihatarishacho. Vihatarishi vyaweza kuhesabiwa kimoja kimoja, lakini orodha ndefu ya vihatarishi haionyeshi hatari kubwa, kama vile wingi wa mawingu usivyoonyesha kiasi cha mvua. Andiko linaposema "kiwango cha kihatarishi ni kikubwa", limerudisha mkanganyo ule ule uliokuwamo katika hatari, kwa vazi jipya.

Wakazi wa Bukoba hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kuyatenga mambo haya. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mji huo na wilaya za jirani, watu wasiopungua 17 wakafa, na nyumba nyingi zikabomoka. Tetemeko lilikuwa moja, lakini nyumba hazikuanguka zote. Palipokuwa na ukuta dhaifu palianguka, na penye msingi na nondo pakasimama. Kadhalika, nyumba tupu ilipoanguka hasara ilikuwa matofali; nyumba yenye watu ilipoanguka hasara haikuwa matofali tu. Kwa hiyo mambo manne yalikuwapo siku ile, nayo ndiyo mambo manne yanayohitaji majina katika usalama wa mtandao:

(a) Tishio, kutoka kitenzi tisha. Hili ni lile litokalo nje na kuweza kudhuru: mwizi wa mtandaoni, kirusi, mfanyakazi mwenye nia mbaya. Mwenye matbaa hana amri juu ya tishio, kama asivyo na amri juu ya tetemeko.

(b) Ufa, yaani mahali tishio linapoweza kupenya: nywila moja inayojulikana na wote, programu ya zamani isiyotiwa viraka, flashi ya mteja inayochomekwa pasipo kukaguliwa. Ufa uko ndani ya uwezo wa mwenye nyumba.

(c) Hasara, yaani madhara yatakayotokea tishio likipita katika ufa.

(d) Hatari, neno ambalo lifaa libakizwe kwa kipimo peke yake: uwezekano wa tishio kupita katika ufa, ukizidishwa kwa ukubwa wa hasara.

Kuhusu neno la pili, wapo watakaopendelea udhaifu, nalo limekwisha kutumika katika maandiko kadhaa. Hoja dhidi yake ni ya maana na ya adabu pia. Udhaifu husemwa kwa mtu na kwa tabia yake. Mkaguzi amwambiaye mzee mwenye matbaa, "Una udhaifu," amemvunjia heshima mbele ya vijana wake, na mzee atatetea jina lake badala ya kutengeneza mashine yake. Mwanya nao una maana ya nafasi njema, kama katika kupata mwanya wa kusema. Ufa hauna lawama wala sifa. Huonekana, huonyeshwa kwa kidole, tena huzibwa. Na lugha imekwisha kuufundisha uhusiano wake na hasara katika methali ijulikanayo na kila mtoto: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni hali ya leo, na ukuta ni gharama ya kesho.

Maneno yakiisha kutengwa, ulinganisho huwezekana. Msomaji na achukue matbaa mbili za mfano. Ya kwanza iko Bukoba mjini. Ina mashine ya ofseti na kompyuta tano zilizounganishwa, hupokea kazi kwa barua pepe na kwa WhatsApp, na huhifadhi kazi za wateja wote wa miaka iliyopita. Kila Jumamosi hutoa nakala ya akiba katika diski inayofungiwa kabatini. Ya pili iko Muleba, kusini ya Bukoba. Ina kompyuta moja, printa na mashine ya fotokopi, na wateja wake huleta flashi mkononi. Haikuungwa na mtandao, wala haina nakala ya akiba. Kompyuta yake haina nywila, kwani hutumiwa na mwenye duka, mpwa wake, na wakati mwingine mteja mwenyewe.

Yafaa kuchukua matishio mawili na kuyapa alama za 1 hadi 3 kwa uwezekano, na 1 hadi 3 kwa hasara. Alama hizi ni za mfano, kwa ajili ya kuonyesha njia ya hesabu.

Tishio la kwanza ni programu ifungayo mafaili na kumdai mwenyewe fedha ili yafunguliwe. Bukoba, kwa kuwa barua pepe zaingia kutwa, uwezekano ni 3; lakini diski iko kabatini, basi hasara ni 1, kwani zitapotea kazi za siku chache tu. Hatari ni 3. Muleba uwezekano ni 2, maana kirusi chaweza kuja katika flashi hata pasipo mtandao. Lakini hasara ni 3, kwa kuwa hakuna nakala nyingine na kompyuta ni hiyo hiyo moja. Hatari ni 6. Kumbe ile isiyo na mtandao ndiyo yenye hatari maradufu.

Tishio la pili ni kuvuja kwa siri. Bukoba uwezekano ni 2, na hasara ni 3, kwa kuwa humo mna majina na fedha za watu wa miaka mingi. Hatari ni 6. Muleba uwezekano ni 2 vilevile, kwani mlango wa kompyuta u wazi kwa kila mpitaji. Lakini mafaili yaliyomo ni machache, basi hasara ni 2. Hatari ni 4.

Mtu aweza kushawishika kuzijumlisha alama hizo na kutangaza kwamba Bukoba ina 9 na Muleba ina 10, hivyo zakaribiana. Jumla hiyo ingeficha jambo lililo muhimu. Hatari ya Bukoba ni hasa ya wateja, ambao siri zao zitatembea. Hatari ya Muleba ni hasa ya mwenye duka, ambaye riziki yake itasimama. Dawa zake pia ni mbali mbali. Bukoba yapaswa kufuta kazi za zamani zisizohitajiwa na kuweka nywila kwa kila mfanyakazi. Muleba yahitaji diski moja ya nakala, na desturi ya kukagua kila flashi kabla ya kuifungua. Mshauri aliyeridhika na kusema kwamba zote mbili "ziko hatarini" asingeweza kuupa kila upande ushauri wake.

Kwamba hasara ya wateja si dhana tupu, mambo yaliyotokea katika nchi nyingine yashuhudia. Mwezi wa Desemba 2021 kampuni kubwa ya uchapaji ya R.R. Donnelley, yenye makao Chicago, ilishambuliwa mtandaoni. Mwezi wa Aprili 2025 yakatokea ya Singapore, nayo yafaa kusomwa kwa makini zaidi. Kampuni ya Toppan Next Tech, iliyokuwa ikiyachapia mabenki taarifa na barua za wateja, ilivamiwa na programu ya kudai fedha. Benki ya DBS ikatangaza kwamba taarifa za wateja wake wapatao 8,200 huenda zilichukuliwa, na tawi la Bank of China huko likataja wateja wapatao 3,000. Mitambo ya mabenki yenyewe haikuguswa. Tishio lilikuwa limeelekea kwa mpigachapa, na ufa ulikuwa kwake, lakini sehemu kubwa ya hasara iliwaangukia watu ambao hawakupata kukanyaga katika matbaa ile. Hapo kugawa maneno kwaonyesha faida yake: tishio, ufa na hasara vyaweza kukaa katika nyumba tatu tofauti, na neno moja la hatari haliwezi kuonyesha nani ameacha nini wazi, na nani atalipa.

Pana pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba lugha haitungwi na wataalamu, na kwamba watu wa Muleba wataendelea kusema hatari kwa yote manne. Hilo ni kweli kwa mazungumzo, wala hapana haja ya kuwazuia. Lakini mkataba baina ya shule na matbaa, fomu ya bima, na taarifa ya mkaguzi ni maandiko ambayo siku moja yatasomwa na watu wanaogombana. Humo neno lenye maana tatu ni ufa nalo, na kila upande utapenyeza maana iufaayo. Mwalimu mkuu aliyeandikiwa kwamba matbaa "itakinga hatari zote" hajui kama ameahidiwa kwamba mwizi hatakuja, au kwamba mlango umefungwa, au kwamba atalipwa mtihani ukivuja. Aliyeandikiwa kwamba nyufa zilizoorodheshwa zimezibwa, na kwamba hasara fulani itabebwa na fulani, anajua alichopewa.

Maneno yote manne yamo katika Kiswahili tangu zamani. Halikukopwa hata moja kwa ajili ya kompyuta, wala hapana lililohitaji kuundwa upya. Lililohitajika ni kulipa kila moja kazi yake na kulizuia lisifanye kazi ya jirani yake. Na neno kihatarishi, madhali limekwisha kuzoeleka maofisini, lina nafasi njema kando ya tishio, mradi lisiambiwe kuwa kipimo.