Ulevi, Jeni na Tumaini la Kupona

Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kuanzia fuo za wavuvi za Mbita, Homa Bay, hadi machimbo ya dhahabu ya Macalder, Migori, mnywaji wa chang'aa aliyezaliwa na mnywaji aghalabu hutazamwa kwa jicho la methali hii. Je, sayansi inaiunga mkono?

Jeni ni mfano wa kitabu cha maagizo kilichomo ndani ya seli. Juu ya maandishi yake hubandikwa alama za kikemikali zinazoamua ukurasa upi usomwe na upi ufungwe. Elimu ya alama hizo huitwa epijenetiki. Maandishi hurithiwa, ilhali alama nyingi hubadilika kwa chakula, maradhi, dhiki na ulevi.

Pombe huzivuruga alama hizo kwa njia kadhaa. Kwanza, unywaji wa kupindukia huupunguzia mwili foleti, vitamini iliyomo katika kunde, mgagani na mboga nyingine za majani, ambayo huhitajika katika kuunda alama za methili. Pili, ini linapoivunja pombe hutoa asetati inayosafirishwa na damu hadi ubongoni. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba katika ubongo wa panya asetati hiyo hubandikwa kwenye protini zinazoviringiwa na jeni, na kuziamsha jeni zinazohusika na kumbukumbu. Huenda hii ni sababu mojawapo ya harufu ya pombe tu kumwamshia kiu mtu aliyekwisha kuiacha.

Hata hivyo, kilichobandikwa huweza kubanduka. Uchunguzi wa damu ya watu walioacha pombe umeonyesha baadhi ya alama za methili zikirejea kuelekea hali ya kawaida, nyingine hudumu. Kwa hiyo anayeteleza akanywa tena hastahili kubezwa, bali kushikwa mkono.

Mwaka 2010, Sheria ya Kudhibiti Vileo iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980, ikaweka masharti ya utengenezaji na uuzaji. Sheria hudhibiti chupa, haiponyi mwili. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kupatwa na degedege na hata kufa. Na aende kwanza hospitalini. Nyoka huzaa nyoka. Binadamu aliyezaliwa na mlevi hakuandikiwa ulevi.