Swali Moja Lililomnasa Mwizi

Saa ya mfukoni imeibwa nyumbani kwa mzee mmoja. Kijana anayemposa binti wa nyumba hiyo anajitosa kuwa mpelelezi na kutaka kila aliyemo ndani apekuliwe. Zamu yake inapofika, mfukoni mwake inatoka risiti ya duka la rehani: saa, dola nne. Boksi la chokoleti alilomletea binti nalo limeandikwa bei ileile, dola nne. Hakuna anayetaka maelezo zaidi. Binti anamrudishia pete, na kijana anaambiwa asikanyage tena pale.

Hakuwa mwizi. Risiti ilitiwa mfukoni mwake na mwizi mwenyewe, aliyekuwa akimwania binti huyohuyo. Bei ya chokoleti alikuwa ameigeuza kwa kalamu, dola moja ikawa nne, ili aonekane ana uwezo.

Hiyo ni Sherlock Jr., filamu bubu ya vichekesho na upelelezi ambayo Buster Keaton aliiongoza na kuiigiza mwaka 1924. Haifiki hata saa moja, lakini mwaka 1991 Marekani iliiingiza katika Rejista ya Taifa ya Filamu, miongoni mwa kazi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Watazamaji waliokulia kwenye vibanda vya video, Mpanda mkoani Katavi kama kwingineko Tanzania, wamezoea filamu ya kigeni ifasiriwe na mtu mwenye kipaza sauti. Lufufu alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo. Keaton hahitaji sana mkalimani. Maandishi ya kwenye kioo ni machache, na mengine yote yanasemwa kwa miguu, macho na mwili.

Kijana wa filamu hii ana maisha mawili. Katika maisha ya kwanza anafagia ukumbi wa sinema na kuendesha projekta katika mji mdogo. Katika maisha ya pili, yaliyomo kichwani mwake, yeye ni mpelelezi mkubwa, na silaha yake ni kitabu cha kufundisha upelelezi. Kitabu kinasema mshukiwa afuatwe kwa karibu, basi yeye anamfuata mpinzani wake hatua kwa hatua, karibu amkanyage visigino.

Ufuatiliaji huo unamfikisha relini. Wakazi wa Mpanda wanaoijua reli ya kutoka Kaliua, tawi lililojengwa kufuata madini ya risasi na kufika hapa mwaka 1950, watakitazama kipande hicho kwa jicho la wenyeji. Keaton anakimbia juu ya mabehewa huku treni ikienda, analifikia bomba la tangi la maji na kuning'inia. Maji yanamwagika kwa nguvu na kumbwaga chini. Hakutumia mtu wa kumwigizia. Aliumwa kichwa kwa muda, akaendelea na kazi, na ni miaka mingi baadaye daktari alipogundua kwamba shingo yake iliwahi kuvunjika.

Akirudi kazini ameshindwa, kijana anasinzia kando ya projekta. Nafsi yake inanyanyuka, inatembea katikati ya watazamaji na kuingia ndani ya filamu inayoonyeshwa. Humo anakuwa mpelelezi aliyevaa nadhifu, anakwepa mpira wa biliadi uliojazwa baruti, anapaa barabarani juu ya usukani wa pikipiki isiyo na dereva. Ndotoni hakuna kesi inayomshinda.

Nje ya ndoto, kesi halisi inamalizwa na mtu mwingine. Binti aliyemrudishia pete anakwenda mwenyewe kwenye duka la rehani na kuuliza swali moja: aliyeleta saa hii ni mtu wa namna gani? Mwenye duka anaeleza, na wakati huohuo mpinzani anapita nje. Kumbe ni huyu. Binti hana kitabu, hana pikipiki, hana ndoto. Amekwenda mahali penye habari na kumwuliza aliyeona. Watu wengi huikumbuka Sherlock Jr. kwa hatari zake. Mimi naiheshimu zaidi kwa swali hilo, na naamini Katavi inalihitaji.

Mkoa huu una wapelelezi wake wasio na mishahara. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, upande wa Shinyanga na Tabora, wakati wezi wa ng'ombe na majambazi wenye bunduki walipozidi baada ya Vita vya Kagera. Wafugaji walipohamia bonde la Rukwa na nyika za Mpimbwe, utaratibu huo ukaja nao. Mchana mtu ni mfugaji au mkulima wa mpunga. Filimbi ikilia usiku, anachukua upinde na kufuata nyayo za ng'ombe hadi zinapoishia. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na kuwatambua. Ni kazi ya heshima, na vijiji vingi vililala usingizi kwa sababu yao.

Lakini maisha hayo mawili yana hatari ambayo Keaton aliijua. Anayefuata nyayo za ng'ombe ana ushahidi ardhini. Anayefuata uvumi hana. Katika historia ya sungusungu, pamoja na wezi waliokamatwa, wapo pia wanawake wazee waliofukuzwa au kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi haukuzidi macho mekundu na ugonjwa wa mtoto wa jirani. Methali inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mara nyingi lisemwalo hutiwa mfukoni mwa mtu, kama ile risiti.

Tunaye pia mpelelezi wetu aliyelifanyia kazi jambo hili mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, alimuumba Bwana Msa, mvuta kiko ambaye si askari, akampa herufi za mwanzo za majina yake mwenyewe. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, kinahusu mauaji yaliyotokea penye mzimu. Wengine wanaogopa. Bwana Msa anauliza maswali.

Hadithi hiyo ingekuwa nyumbani Katavi. Jina lenyewe la mkoa, kama la hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, linatokana na Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasimuliwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na bado watu huenda pale kutambika. Kuheshimu mkwaju huo hakumzuii mtu kuuliza nani amemuua nani. Kuuliza hivyo si kuwadharau wanaoamini. Ni kukataa muuaji ajifiche nyuma ya imani yao.

Watengenezaji wa filamu wa Tanzania wana hazina hapa. Waichukue stesheni ya Mpanda, mitaa ya mji, viboko wa Ikuu hifadhini na mfugaji anayeshika filimbi usiku, watengeneze filamu ya kuchekesha yenye kesi ya kweli ndani yake. Kicheko kingefika mahali ambapo hotuba za viongozi hazifiki.

Nasi wengine tusisubiri filamu. Mkutano wa kijiji ukiitishwa ili mtu atengwe, mmoja asimame aulize: nani aliona, aliona nini, na alikuwa wapi alipoona? Anayeuliza hivyo hamtetei mwizi. Anamtafuta.