Kuizima TNF kwa bei gani?

Mgonjwa wa Crohn akiandikiwa infliksimabu, swali lake la kwanza huwa bei ya kichupa. Afadhali aulize bei ya mwaka. Dawa hii huinasa TNF, protini ambayo chembe za kinga hutumia kupashana habari za hatari, na ambayo kwa mgonjwa huyu haiachi kuchochea uvimbe wa utumbo. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, kwa dripu: siku ya kwanza, wiki ya 2, ya 6, kisha kila wiki 8. Mwenye kilo 60 hutumia vichupa 3 vya miligramu 100 kila mara. Kwa dripu 8 za mwaka wa kwanza ni vichupa 24. Mwenye kilo 70 huhitaji miligramu 350, na hapo hulipia vichupa 4. Ongeza nauli, ada ya kitanda, na vipimo vya TB na homa ya ini B. Vipimo hivyo visirukwe hata fedha zikipungua, kwani TNF ndiyo inayosaidia kuvidhibiti vimelea vya TB vilivyojificha mwilini.

Adalimumabu huzuia TNF hiyohiyo kwa sindano ya kujidunga nyumbani kila wiki 2. Nauli inapona, lakini lazima uwe na friji isiyokatikiwa umeme.

Nafuu kubwa iko kwenye dawa fanani. Remsima, fanani ya Remicade (infliksimabu ya asili), iliidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Norway, katika zabuni ya 2015, iliipata kwa punguzo la 69%. Serikali huko iligharamia utafiti wa NOR-SWITCH kwa wagonjwa 482 wa maradhi mbalimbali. Ugonjwa ulizidi kwa 26% ya waliobaki na Remicade na 30% ya waliohamishiwa Remsima, tofauti iliyokubalika. Kwa wenye Crohn pengo lilikuwa pana zaidi, ingawa utafiti haukuwa na watu wa kutosha kuamua juu ya kundi hilo peke yake. Mimi ningekubali kuhamishwa, ila ningedai choo kipimwe kalprotektini, kiashiria cha uvimbe wa utumbo, kabla na baada.

Vidonge vya azathioprini ni rahisi mno kwa bei, lakini huchukua miezi kufanya kazi na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Katika utafiti wa SONIC wa 2010, waliopata nafuu bila steroidi walikuwa 30% kwa azathioprini, 44% kwa infliksimabu, na 57% kwa zote mbili pamoja. Anayemudu dripu asikidharau kidonge.

Ukipewa etanasepti kwa hoja kwamba nayo huzuia TNF, kataa. Inafaa kwa baridi yabisi. Kwa Crohn ilijaribiwa, ikashindwa.