Mgeni wa Majuma Sita: Sehemu ya Pili

Katika makala ya juma lililopita nilisimulia jinsi madaktari wa misheni walivyofika pwani yetu na bara yetu katika zama za majahazi na wapagazi, nikaahidi kwamba safari hii nitawageukia wageni wa siku hizi, yaani vijana wanaosomea udaktari Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Marekani, ambao vyuo vyao huwapa ruhusa, kabla hawajahitimu, waende nchi waitakayo kwa majuma manne, sita au manane, wakae hospitalini, wayaone kwa macho maradhi ambayo kwao yamebaki vitabuni, kisha warudi wakaandike waliyoyaona. Wasomaji wawili watatu wameniandikia kuniuliza mwalimu mstaafu wa lugha ana haki gani ya kuyasema ya wodini. Jawabu ni fupi. Nilipostaafu niliombwa na hospitali moja ya mrima, ambayo sitaitaja, niwafundishe wageni hao Kiswahili cha kumwuliza mgonjwa hali, na tangu hapo nimekaa nao barazani asubuhi nyingi na daftari, na mara nyingi zaidi nimeingia nao wodini pale daftari liliposhindwa.

Na daftari hushindwa kila siku, kwa sababu lugha ya maradhi si orodha ya majina. Kijana huja amekwisha kulikariri neno homa, akadhani amelipata; kumbe homa ya mtu wa pwani yaweza kuwa joto la mwili, yaweza kuwa malaria yenyewe, na yaweza kuwa kule kutojisikia vizuri tu ambako mwenyewe hana jina jingine la kukupa. Mgonjwa asemaye ana kifua hatoi habari za kiungo, bali asema anakohoa, na yamkini, kwa haya, ataka wewe ndiwe utangulie kukitaja kifua kikuu. Na mzee wa makamo akilalamika kwamba mshipa unamsumbua, huku macho ameyainamisha sakafuni, msikilizaji mwenye adabu hufahamu mara moja kuwa ni habari ya ngiri au ya busha, akamwomba binti aliyesimama karibu aende kuchota maji. Kichomi, safura, kichocho, matende, pepopunda: haya yana wenzi wao katika vitabu vya tiba, na mwanafunzi mwenye bidii huyajua yote kwa juma moja. Liko neno moja, hata hivyo, lisilo na mwenzi kamili, nami nalijua vizuri zaidi tangu asubuhi moja ya masika.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, vitoto viwili viwili kitanda kimoja, na ajuza mmoja wa kijiji cha ndani alikuwa amempakata mjukuu wake, wa miaka kama mitatu, amemfunika kanga hadi kidevuni. Mwanafunzi wetu, kijana mpole, akachuchumaa mbele yake, akaamkia shikamoo kwa taadhima kama nilivyomfundisha, akaitikiwa marahaba, akauliza mtoto anaumwa nini.

“Homa, baba.”

“Tangu lini, bibi?”

“Juzi.”

Akaandika: homa, siku mbili. Akaridhika, akataka kuinuka. Sista wa zamu, mama mtu mzima wa Kibondei, ambaye muda wote huo alikuwa akipanga dawa kwenye meza ya pili kama asiyesikia, sasa aligeuka, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, wala asiulize neno lolote la ugonjwa. Aliuliza mvua zikoje huko kwao, na mama yake mtoto yuko wapi, na ni bodaboda gani iliyokubali kuwaleta katika matope yale usiku. Kisha, kwa sauti ya chini:

“Na nyumbani, bibi, mlimhangaikia vipi?”

Ajuza alinyamaza kitambo. “Tulimfukiza tu, mwanangu.”

“Kwa mavi ya tembo?”

“Ee.”

“Mara ngapi?”

“Mbili. Ya kwanza Jumatatu.”

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Neno degedege halikutamkwa na yeyote kati yao, na hapo ndipo penye ilimu yote ya mazungumzo yale. Afukizwaye kwa mavi ya tembo ni mtoto aliyeshikwa na degedege, akakakamaa, macho yakapinduka. Na wako watu wengi, kama walivyopata kuandika watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na Ifakara, wanaosadiki kwamba degedege ni la mganga, na kwamba mtoto aliye nalo akipigwa sindano atakufa. Basi mzee amletaye hospitalini, naye amekwisha kuvuka hofu hiyo kwa mapenzi ya mjukuu, hukificha kile anachodhani kitamfanya alaumiwe, au kitamfanya daktari akimbilie sindano. Hali daktari, kwa upande wake, akilisikia neno hilo hufikiri kwanza malaria kali iliyopanda kichwani, na saa moja kwake ni kitu. Kwa swali moja la mvua na moja la bodaboda, homa ya siku mbili ilikuwa imegeuka kuwa homa ya siku tatu na mtoto aliyekwisha kushikwa mara mbili, na karatasi ya dawa ikabadilika kwa hayo.

Mambo hayakuishia hapo. Mtoto alikuwa na vidole vya baridi na mapigo ya moyo ya mbio, na kijana, kwa niya njema kabisa, akaitundika chupa ya maji, akafungua, yakatiririka, maana ndivyo alivyofunzwa kwao kwamba mwele aliyefikia hali ile huongezwa maji kwa haraka. Tabibu wa zamu, naye kijana wa rika lake, akanyosha mkono, akakizungusha kile kigurudumu cha mpira wa dripu mpaka matone yakawa ya kuhesabika, akasema tu, “Hapa hatumwagi.”

Nilimwuliza baadaye maana yake, naye akanieleza kisa ambacho ningependa kila msomaji akijue. Tangu 2009 ulifanywa utafiti mkubwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Teule ya Muheza, kwa watoto 3,141 waliofika na homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Baadhi wakapewa maji mengi kwa haraka, kama ifanywavyo katika hospitali za Ulaya, na baadhi wakapewa polepole kwa kiasi cha kawaida. Walioubuni walitarajia kuthibitisha kwamba maji ya haraka huokoa. Mwezi Januari 2011 ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa hesabu zilisema kinyume: katika saa 48 za mwanzo, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, na wale wengine walikufa kama 7. Tofauti hiyo ni roho za watoto, na haikusababishwa na uvivu wala uchache wa vifaa, bali na desturi njema iliyochukuliwa kutoka mahali pake ikapelekwa mahali pengine bila ya kuulizwa. Mtoto wa yule ajuza aliamka usiku wa pili, akadai uji.

Nimekaa sana katika habari hii kwa sababu ndani yake mna jambo ninalolisema kwa wote wanaonijia barazani, nao hawalipendi mwanzoni: kwamba mgeni wa majuma sita ni mwanafunzi, na nyumba iliyompokea ndiyo inayompa. Maadamu ataitwa mwanafunzi, atauliza, atasubiri, atatazama mkono wa Sista, na atakuwa na faida kwake na kwa wagonjwa atakaowatibu kwao miaka thelathini ijayo. Akiitwa msaada, ataona aibu kuuliza. Na aonaye aibu kuuliza mbele ya mgonjwa ni mtu wa hatari, awe ametoka London au ametoka Lushoto.

Neno linalotuvuruga ni lile la kujitolea. Kwa ujenzi wake ni neno zuri mno: kitenzi toa kimeingizwa nafsi yenyewe, kikatiwa na kauli ya kutendea, hata mtu akawa huitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo. Katika hospitali zetu siku hizi lina maana mbili zinazopishana mlangoni. Mgeni anayejitolea amelipa nauli ya ndege, amemlipa wakala aliyempangia nyumba na mpishi, na pengine ameilipa hospitali ada ya mafunzo. Na yule tabibu aliyekizungusha kigurudumu? Yeye naye, ukimwuliza, atakuambia kwamba anajitolea. Amesoma stashahada yake miaka mitatu, amefaulu, ameomba ajira serikalini kila zilipotangazwa nafasi, na kwa kuwa jina halijatoka anakuja kazini asubuhi na usiku bila ya mshahara, akipewa nauli na chai hospitali ikijaliwa, ili mikono isisahau na ili siku nafasi ikitokea asionekane mtu aliyekaa bure. Wote wawili wavaa koti jeupe, na mgonjwa huwaita wote daktari. Sijapata kumwona mgeni aliyeelezwa tofauti hiyo asiinamishe kichwa.

Ziko pia gharama ambazo hazimo katika ada. Aliyefunzwa vizuri Ulaya huvaa glovu mpya kwa kila mgonjwa na kwa kila kitendo, na huzitupa. Ni sawa kabisa, na laiti tungeweza sote. Lakini mama anayekuja kujifungua huja na mfuko wake wa vifaa, yaani glovu, pamba, uzi, wembe na kanga, zilizonunuliwa dukani nje ya lango na mumewe au shangazi yake, naye mkunga huzijua glovu zile kwa hesabu, hii ya kupima njia, hii ya kupokea mtoto. Nilimwona binti mmoja, mstahifu wa kila hali, akitumia jozi tatu katika robo saa, na mkunga akimtazama pasipo kusema kitu, kisha akatoka nje mwenyewe kwenda kumwambia shangazi mtu akanunue nyingine. Tangu siku ile somo langu la kwanza barazani limekuwa glovu, kabla ya salamu.

Sisemi kwamba mgeni hawezi kutoa. Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 pamoja na misheni ya UMCA, akafanya kazi Lulindi katika wilaya ya Masasi na baadaye Mnero, akajifunza lugha, akafundisha wauguzi, akaingia bungeni, akachukua uraia, na tangu 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Na hata bila ya kwenda umbali huo, madaktari wa Kichina wa jimbo la Jiangsu wamekuwa wakipokezana Unguja tangu miaka ya 1960, nao huja wamekwisha kuhitimu. Kinachotofautisha ni muda, na shahada iliyokwisha kutolewa.

Upande wa pili wa mizani kuna habari za Jinja, Uganda, ambako Mmarekani mmoja asiyesomea udaktari alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2019 kina mama wawili waliofiwa walifungua shauri katika Mahakama Kuu, wakidai kwamba watoto wao walitibiwa na mtu asiye daktari, na mwaka uliofuata shauri likaisha kwa suluhu, yeye asikiri kosa. Watu wa namna hiyo ni wachache. Wengi wa wanaotujia ni vijana waadilifu, na mwaka 2010 wataalamu wa nchi mbalimbali, mmoja wao John Crump aliyefanya kazi Moshi, walitoa mwongozo kwa ajili yao: mgeni asivuke ujuzi wake, mwenyeji asibebeshwe gharama, na manufaa yawe ya pande mbili. Habari za Baraza la Madaktari Tanganyika, za usajili wa muda na za hati ya ukaazi ya daraja C, nitazieleza kwa urefu katika sehemu ya tatu, inshallah.

Yule kijana wa mavi ya tembo alipomaliza muda wake alinijia na karatasi ya chuo chake iliyotakiwa kujazwa na mtu aliyemsimamia. Ilitaka jina, cheo na sahihi ya daktari bingwa, au angalau daktari mwenye usajili kamili. Akaniuliza, “Mwalimu, nimpe nani?” Aliyemfundisha ni Sista na tabibu, daktari mfawidhi alikuwa ameonana naye mara mbili, siku ya kufika na siku ya kuaga. Tukaketi wote wanne katika chumba cha dawa. Sista akasema lugha yake imetengenea, ila ana haraka ya kuinuka kitandani pa mgonjwa. Tabibu akayaandika hayo na mengine kwa penseli, mistari saba, kwa mwandiko mzuri wa shule, na tulipompelekea daktari mfawidhi, yeye akapitisha wino juu ya penseli, neno kwa neno, akatia sahihi na muhuri, na kabla ya kuirudisha akachukua kifutio akaifuta ile penseli iliyochomoza pembeni.